Tatu, Chachu na Saddex: Ukomo wa Ulinganishi wa Lugha katika Visiwa vya Bajuni na Pwani ya Kismayo

Ikisiri

Ulinganishi wa lugha ni mbinu kongwe ya isimu, lakini mara nyingi hutumiwa bila kubainisha swali linaloulizwa. Makala haya yanahakiki matumizi ya mbinu hiyo kwa Kibajuni, lahaja ya kaskazini ya Kiswahili inayozungumzwa kutoka Kismayo hadi kaskazini mwa kisiwa cha Pate. Kwa kulinganisha Kibajuni na Kisomali, na kwa kutumia Kixhosa na Kithai kama vipimo vya mbali, makala yanatenga maswali matatu halali ya ulinganishi: nasaba, mgusano na muundo. Kisha yanachunguza swali la nne, yaani uraia, ambalo mabaraza ya uhamiaji ya Ulaya yameliweka juu ya mbinu hiyo. Hoja kuu ni kwamba lugha inaweza kuonyesha jamii iliyomlea msemaji, lakini haiwezi kuonyesha upande wa mpaka aliozaliwa. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Pale ambapo Kiswahili Sanifu kina tatu, Kibajuni kina chachu. Jirani wa Mbajuni, Msomali wa Kismayo, husema saddex. Maelfu ya kilomita kusini, katika Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, Kixhosa kina mzizi -thathu. Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Kithai kina saam.

Asiye mwanaisimu akipewa orodha hii bila maelezo huenda akayaweka chachu na saddex kapu moja kwa kuwa wasemaji wake huuziana samaki katika soko moja. Mwanaisimu atasema kinyume chake: chachu, tatu na -thathu ni ndugu wa tumbo moja la Kibantu, ilhali saddex ni mgeni kwao kama ilivyo saam. Kwa nasaba, Kisomali kiko mbali na Kibajuni sawasawa na Kithai kilivyo mbali na Kixhosa. Ukaribu wa makazi hauzai undugu wa lugha, na undugu wa lugha hauhitaji ukaribu wa makazi.

Jambo hili ni la msingi katika taaluma yetu na lisingehitaji kurudiwa mbele ya hadhira hii kama lisingekuwa na watu wanaolilipia. Tangu kuanguka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991, Wabajuni wengi wameacha visiwa vyao na kuomba hifadhi nje ya nchi. Baadhi yao wamekutana na ulinganishi wa lugha mbele ya afisa wa uhamiaji, ambako sauti moja, t au ch, inaweza kuwekwa kwenye mizani pamoja na maisha ya mtu. Makala haya yanauliza kama mizani hiyo imetengenezwa kupima kitu hicho.

2.0 Maswali matatu ya ulinganishi

Swali la kwanza ni la nasaba. Linauliza kama lugha mbili zimetokana na lugha mama moja, na hujibiwa kwa kutafuta ulingano wa sauti unaojirudia kwa utaratibu. Katika maneno mengi ya asili ya Kibantu, t ya Kiswahili Sanifu hujitokeza kama ch katika Kibajuni. Huo ni utaratibu, si sadfa. Ni kwa njia hiyo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, waliweza kuonyesha nafasi ya Kibajuni ndani ya tawi la kaskazini la Kiswahili, karibu na Kiamu. Kabla yao, Malcolm Guthrie alikwisha kukipa Kitikuu, jina jingine la Kibajuni, msimbo wake wa G41, kando ya G42 ya Kiswahili.

Sadfa nayo ipo, na mfano wake hauko mbali. Umbo chachu lipo pia katika Kiswahili Sanifu, lakini hapo ni kitu cha kuumulia unga. Anayelinganisha maumbo bila kulinganisha mifumo ataona neno moja mahali penye maneno mawili.

Swali la pili ni la mgusano. Linauliza lugha zimeachiana nini kwa kuishi pamoja, ziwe na undugu au zisiwe nao. Kixhosa ni mfano unaojulikana sana. Vidoko vyake, vinavyoandikwa kwa c, q na x, havikurithiwa kutoka Kibantu mame. Vilitokana na mgusano wa muda mrefu na lugha za Wakhoi na Wasan. Mfumo wa sauti, ambao wengi huudhani kuwa sehemu ngumu zaidi ya lugha, ulipokea wageni na kuwafanya wenyeji.

Swali la tatu ni la muundo. Linauliza lugha zinafanana wapi katika ujenzi wake bila kujali undugu wala ujirani. Hapa ndipo Kixhosa na Kithai vinapoweza kuwekwa pamoja kwa faida. Zote mbili ni lugha za toni. Kithai kina toni tano zinazotofautisha maana za maneno. Hata hivyo, Kixhosa hujenga neno kwa kuambatanisha viambishi na kulifunga kwa ngeli na upatanisho, wakati maneno ya Kithai kwa kawaida hayabadiliki umbo na uhusiano wake huonyeshwa kwa mpangilio na maneno saidizi. Kufanana kwa toni hakusemi lolote kuhusu asili ya Wathai wala Waxhosa.

Maswali haya matatu hutumia data zinazofanana, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Jibu la swali moja likichukuliwa kuwa jibu la jingine, kosa halionekani kwa sababu data yenyewe ni sahihi.

3.0 Kibajuni na Kisomali: ujirani usio na undugu

Tuanze na muundo. Kisomali ni lugha ya Kikushi, tawi la familia ya Kiafro-Asia. Nomino zake hugawanywa katika jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na si katika ngeli. Kitenzi kwa kawaida hukaa mwisho wa sentensi, na viangami kama baa, ayaa na waa huonyesha ni sehemu gani ya taarifa inayosisitizwa. Kisomali pia hutumia mwinuko wa sauti kufanya kazi ya sarufi: ínan ni mvulana, inán ni msichana. Kibajuni, kama Kiswahili kwa jumla, kina ngeli na upatanisho wake, huweka kitenzi kati ya kiima na yambwa, na hakitofautishi mvulana na msichana kwa mwinuko wa sauti.

Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Kwa kipimo cha mpangilio wa maneno peke yake, Kibajuni kinafanana zaidi na Kithai, ambacho nacho huweka kitenzi katikati, kuliko Kisomali kinachozungumzwa nyumba ya pili. Hakuna atakayetumia kipimo hicho kudai kwamba Mbajuni ametoka Bangkok. Lakini ni mantiki ya aina hiyo hiyo, ikiwa imefichwa na ukaribu wa lahaja, inayotumika pale mtu anapoambiwa ametoka Mombasa kwa sababu amesema tatu.

Tukigeukia msamiati, tunakutana na mtego mwingine. Kiswahili kina kitabu, Kisomali kitaab. Kiswahili kina wakati, Kisomali waqti. Elimu kwa cilmi. Saa kwa saacad. Orodha hii inaweza kurefushwa na kuonekana kama ushahidi wa undugu, kumbe pande zote mbili zimekopa Kiarabu. Tofauti zilizobaki ndizo zinazofundisha. Kisomali kimeihifadhi ʿayn ya Kiarabu, inayoandikwa c tangu herufi za Kilatini zilipokubaliwa rasmi mwaka 1972, kwa sababu sauti hiyo tayari ilikuwa yake. Kiswahili, kisicho na sauti hiyo, kimeiacha au kuigeuza vokali. Mkopo mmoja umevaa nguo mbili.

Mgusano wa moja kwa moja kati ya Wabajuni na Wasomali nao si wa jana. Mapokeo ya koo za Kibajuni yanataja makundi yenye asili ya Kisomali, hasa ya Wagarre, yaliyoingia katika jamii na kuchukua lugha ya pwani. Kwa hiyo Mbajuni anaweza kudai babu Msomali na kuzungumza lugha ya Kibantu bila kujipinga. Nasaba ya watu na nasaba ya lugha ni miti miwili. Matawi yake hugusana, lakini mizizi yake si mmoja.

Jambo hili lina uzito wa kisera. Kiwango ambacho Mbajuni anakijua Kisomali hutegemea mahali alipoishi, umri wake, jinsia yake, kazi yake na kama alisoma shule. Mvuvi aliyekuwa akiuza samaki Kismayo katika miaka ya 1980 hakupata Kisomali kile kile alichopata mwanamke aliyekulia Chovai na kuondoka akiwa kijana. Kutojua Kisomali vizuri kunaeleza historia ya mtu binafsi. Hakufuti visiwa kutoka kwenye ramani ya Somalia.

4.0 Mpaka uliochorwa juu ya lahaja

Ulinganishi wa Kibajuni hauwezi kueleweka bila tarehe. Pwani ya Kismayo, iliyowahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, iliingia katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki mwaka 1895. Kwa mkataba wa Julai 1924, uliotekelezwa katikati ya 1925, Uingereza iliikabidhi Jubaland kwa Italia. Mpaka ukapita karibu na Ras Kiamboni. Kaskazini yake vilibaki visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Kusini yake, Kiunga, Ndau na Faza. Wabajuni wa pande zote mbili waliendelea kuwa na lugha moja, ndoa za pamoja na misimu ile ile ya pepo.

Mpaka huo haukufuata mstari wowote wa isimu. Sifa zinazokitambulisha Kibajuni, ikiwamo ch badala ya t, zipo pande zote mbili. Sifa nyingine, kama maumbo ndia na mai kwa njia na maji, au wakati timilifu unaoundwa mwishoni mwa kitenzi badala ya kwa -me-, zinaenea zaidi hata ya Wabajuni na kugusa lahaja nyingine za kaskazini.

Wasemaji wenyewe pia hawakutulia. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwaondoa Wabajuni wa bara ya kaskazini mwa Kenya na kuwasogeza Pate, Malindi na Mombasa. Baada ya 1991, Wabajuni wa Somalia nao walikimbilia Kenya, baadhi wakikaa katika kambi ya Jomvu karibu na Mombasa. Mtoto aliyefika Jomvu akiwa na miaka mitano alijifunza kuhesabu miongoni mwa wasemaji wa Kimvita na Kiswahili Sanifu. Kinywa chake kilifuata wenzake wa mchezo, kama vinywa vya watoto vifanyavyo kote duniani.

Kutokana na hayo tunaweza kuiweka mantiki ya ushahidi waziwazi. Mtu akitumia chachu kwa ufasaha na pamoja na mfumo wake wote, tuna sababu nzuri ya kusema amelelewa na Wabajuni. Hatuna sababu ya kusema ni wa Chula na si wa Faza. Mtu akitumia tatu, hatuna hata sababu ya kusema si Mbajuni; tunajua tu kwamba anakijua Kiswahili cha mahali pengine, na kwamba siku ile, mbele ya mtu yule, alichagua kukitumia. Kuwepo kwa sifa kunathibitisha kitu kimoja. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kinyume chake.

5.0 Swali la nne: lugha mbele ya baraza

Nchini Uingereza, mabaraza ya rufaa ya uhamiaji yamelishughulikia suala hili kwa zaidi ya miongo miwili. Katika uamuzi wa mwongozo wa mwaka 2004, unaojulikana kama KS, baraza lilieleza kuwa madai ya Mbajuni yapimwe kwa mambo kadhaa pamoja: ujuzi wa Kibajuni, ujuzi wa Kisomali kulingana na historia ya mtu, na ujuzi wa maisha ya Wabajuni. Lilionya dhidi ya kuifanya lugha peke yake kuwa kigezo cha kukata shauri. Kwa mtazamo wa isimu, huo ulikuwa msimamo wa busara.

Mwaka huo huo, wanaisimu 19 kutoka nchi mbalimbali walitoa miongozo ya pamoja kuhusu matumizi ya uchanganuzi wa lugha katika kesi za wakimbizi. Kiini chake ni kwamba uchanganuzi unaweza kusema kitu kuhusu jamii iliyomkuza msemaji kilugha, lakini uraia ni dhana ya kisiasa isiyosikika katika sauti. Walisisitiza pia kwamba mchanganyiko wa lugha ni hali ya kawaida, na kwamba kiwango cha uhakika wa hitimisho lazima kitajwe.

Mwaka 2010 mwelekeo ulibadilika. Katika uamuzi wa RB, uliomhusu mdai aliyejitambulisha kuwa Mbajuni, ripoti za kampuni ya Kiswidi ya Sprakab zilipewa uzito mkubwa kwa ujumla wake. Mwaka 2014, katika kesi ya MN na KY, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliurekebisha msimamo huo. Haikupiga marufuku ripoti za lugha, wala haikukataa moja kwa moja kutotajwa kwa majina ya wachanganuzi. Ilisema kwamba mwongozo wa RB ulivuka mpaka, na kwamba mchanganuzi asitoe maoni juu ya mambo ambayo utaalamu wake haujaonyeshwa, kama vile ujuzi wa mdai kuhusu nchi yake au ukweli wa maelezo yake.

Uamuzi wa 2014 ni hatua njema, lakini kwa mtazamo wa isimu umebaki nusu njia. Umeuliza nani ana utaalamu. Haukuuliza kama swali lenyewe lina jibu la kiisimu. Mchanganuzi mwenye shahada, majina na uzoefu, akiulizwa kama sauti iliyorekodiwa kwa dakika chache ni ya kaskazini au kusini ya Ras Kiamboni, bado anaulizwa kuona mstari ambao lugha haikuuchora.

Inaweza kujengwa hoja ya kinyume, na inastahili kusikilizwa. Nchi zinazopokea waomba hifadhi zina wajibu wa kutofautisha madai ya kweli na ya uongo, na hati za Somalia ya baada ya 1991 hazitoshi. Lugha angalau ni ushahidi usioghushiwa kirahisi. Zaidi ya hayo, kukataa ushahidi wa lugha kabisa kungewanyima Wabajuni wenyewe silaha muhimu, kwa kuwa Kibajuni fasaha ndicho kitu ambacho mtu wa Nairobi hawezi kukiiga kwa juma moja.

Hoja hii ni sahihi kwa nusu. Lugha ni ushahidi mzuri pale inapothibitisha malezi. Ni ushahidi dhaifu pale inapotumiwa kukanusha, na huwa dhaifu zaidi pale mahojiano yanapoendeshwa kwa Kiswahili cha Nairobi au Dar es Salaam. Mbajuni yeyote mwenye adabu ya pwani humfuata mgeni katika lugha yake. Ujuzi huo wa kuhama kutoka lahaja hadi lahaja, ambao darasani tungeusifu kuwa umilisi wa mawasiliano, mbele ya afisa hugeuka kuwa kasoro ya uaminifu.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, swali libadilishwe. Wanaoagiza uchanganuzi waulize, "Msemaji huyu amelelewa katika jamii gani za lugha?" na wakubali jibu lenye jamii zaidi ya moja. Swali la uraia libaki kwa wanasheria, likisaidiwa na ushahidi mwingine.

Pili, mahojiano yaendeshwe na msemaji wa Kibajuni. Palipo na mkalimani wa Kiswahili Sanifu peke yake, kukosekana kwa sifa za Kibajuni kusihesabiwe kuwa ushahidi wowote.

Tatu, kijengwe kihazina cha rekodi za Kibajuni kutoka pande zote mbili za mpaka, kwa wazee na vijana, wanawake na wanaume, waliobaki na waliohama. Hifadhi hiyo iwe chini ya taasisi za ukanda huu, kwa ridhaa ya wasemaji, na kwa masharti yanayozuia rekodi ya mtu kutumiwa dhidi yake au ndugu zake. Bila kihazina cha aina hiyo, kila ripoti inalinganisha sauti iliyopo na lahaja ya kukisia.

Nne, hadhi ya Kibajuni itazamwe upya ndani ya Somalia yenyewe. Katiba ya Muda ya mwaka 2012 inataja Kisomali, kwa Maay na Maxaa-tiri, kuwa lugha rasmi, na Kiarabu kuwa lugha ya pili. Haikitaji Kibajuni. Mwezi Machi 2024 Somalia ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kamisheni yake ya Kiswahili ina makao Zanzibar. Imekuwa desturi kuzungumzia tukio hilo kana kwamba Kiswahili sasa kinapelekwa Somalia. Kiswahili kilikuwapo Brava, Kismayo, Koyama na Chula kabla ya Somalia kuwa dola. Mshauri wa sera anayepanga mitaala ya Kiswahili kwa Jubaland anapaswa kuanza na wasemaji hao, si kuwapita akielekea kwa wanafunzi wapya.

7.0 Hitimisho

Ulinganishi wa lugha haujashindwa katika pwani ya Kismayo. Umefaulu katika kazi zake tatu: umeonyesha kwamba Kibajuni ni ndugu wa Kixhosa, kwamba ni jirani wa Kisomali, na kwamba kwa mpangilio wa maneno kinaweza hata kukaa karibu na Kithai. Ulichoshindwa ni kazi ya nne ambayo haikuwa yake. Taaluma yetu ina wajibu wa kulisema hilo kwa lugha ambayo hakimu ataielewa, kwa sababu tukinyamaza ripoti zitaendelea kuandikwa kwa istilahi zetu. Chachu inaweza kutuambia nani alimfundisha mtoto kuhesabu. Haiwezi kutuambia bendera gani ilipepea karibu na kibanda alimofundishwa.